Nafasi Moja Ibadakuli

"Kwa nini tukuchukue wewe, tumwache mwingine?" aliuliza Mzee Ngassa, akivua miwani.

Bujiku alijiweka sawa kwenye kochi. Shati lilikuwa la kuazima na kola ilimbana. Swali hilo alilijua. Mgodi alikokuwa akiendesha mashine ya kuchoronga miamba ulipofungwa, alihudhuria semina ya watafuta kazi mjini Kahama. Mwezeshaji aliwaonya wasijitaje kwa vyeo. Cheo kinabaki getini, alisema. Mtu anaondoka na ujuzi unaohamishika.

"Naweza kufanya kazi kwenye joto na giza bila kulalamika," alijibu. "Nimezoea zamu, za mchana na za usiku. Na najua kusikiliza. Kule chini mwamba unatoa sauti kabla haujaporomoka. Ukiisikia unarudi nyuma taratibu. Hubishani nao."

"Hiyo itakusaidia sana hapa," alisema Paskazia, dada wa Mzee Ngassa, aliyekuwa mjumbe wa pili wa usaili.

Mzee Ngassa alikuwa afisa utumishi karibu maisha yake yote, na kustaafu hakukumbadilisha. Sebule yake pale Ibadakuli aliipanga kiofisi: wasaili upande huu, mwombaji peke yake upande ule, chupa ya maji katikati. Karibu na dirisha binti yake, Martina, alikuwa akichambua mchele bila kuinua uso.

"Aliyekutangulia alikuwa anatoka na kurudi saa anayotaka mwenyewe," alisema mzee. "Ilibidi tuachane naye. Haya, miaka mitano ijayo unajiona wapi?"

"Hapa hapa."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Wa jana alijiona Kanada."

"Halafu hatuna kipindi cha majaribio," Paskazia aliongeza. "Ukiingia umeingia."

Bujiku alisema ameelewa, shangazi mtu akamtazama kama asiyeamini. Alishakataliwa Kahama, Geita, hata Ushirombo, na kote huko aliondoka akipiga mluzi. Hapa alipataka kweli.

Ndipo Martina akauliza swali lake pekee.

"Ukikosea, unafanyaje?"

Jibu la semina lilikuwepo: nageuza kosa kuwa fursa. Bujiku aliliacha.

"Nanuna kwanza," alisema. "Halafu naomba radhi. Huwa nachelewa, lakini naomba."

Mzee Ngassa alikunja uso. Katika utumishi wake wote hakuwahi kumpitisha mtu wa jibu kama hilo. Alivaa miwani, akasimama, akampa mkono.

"Tunashukuru kwa kuja, kijana. Tutajadiliana, kisha tutakupigia simu."

Maneno hayo Bujiku aliyafahamu vizuri. Simu ya namna hiyo ilikuwa haijawahi kuita. Aliwaaga wazee kwa heshima, akaenda mlangoni, akainama kutafuta viatu vyake.

Martina aliweka ungo chini.

"Baba, msimpigie simu," alisema. "Mwambieni sasa hivi awalete wazee wake, na ng'ombe."