Herufi Kwenye Ungo

Siwema alijifunza kusoma kwa karatasi za kufungia maandazi. Sasa kila akimaliza kuchekecha unga, aliacha kidogo kwenye ungo ili binti yake Chiku, wa miaka mitano, achore herufi kwa kidole.

Asubuhi hiyo watu wawili wa ofisi ya mji waliingia uani na kopo la rangi nyekundu, kidau cha wino, na karatasi iliyokunjwa ikaonyesha nafasi ya sahihi tu.

"Hesabu ya vyandarua, dada," alisema bwana mwenye karatasi, akitabasamu. "Weka dole gumba hapa. Wenzako wote wameshaweka."

Wameshaweka, kama baba zao walivyoweka mwaka ule mashamba ya mtoni yalipochukuliwa.

Siwema alikuwa ameshachovya dole kwenye wino Chiku alipoita kutoka nje.

"Mama, wameandika ukutani kwetu! Bo. Mo. A. Na kwa Mama Tunu pia! Bomoa!"

Waliandika wazi, kwa herufi kubwa kubwa, maana walijua mtaa ule hausomi.

Yule bwana akaacha kutabasamu. "Nani anamfundisha huyu mtoto?"

"Mimi," alisema Siwema, akafutia dole lake kwenye unga.

Nje, mlango kwa mlango, majirani walikuwa wametoka, kila mmoja akitazama dole gumba lake jeusi.