Shikamoo ya Mlangoni

Siku hizi umri wa mtu hauhesabiwi tangu kuzaliwa, unasomwa kwenye ngozi. Kila asubuhi kioo cha mlangoni hutusoma mimi na mama, na mlango haufunguki mpaka mdogo amwamkie mkubwa.

Mama hupokea wageni hotelini, na hoteli haitaki uso uliovuka arobaini. Ndiyo maana hakosi kupaka seramu yake ya vitamini C. Mimi navuna chumvi, na jua lote ni langu.

Juzi kioo kilitangaza: Bi Tunu, thelathini na tatu. Salha, thelathini na nne.

"Shikamoo, mama," nikasema kama kawaida. Mlango haukufunguka. Nikarudia. Mama akatazama saa, akajitanda mtandio vizuri, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akaniambia.

Ilibidi niitikie marahaba, la sivyo angechelewa kazini. 

Leo nimeacha chumvi mapema nikaenda dukani. Muuzaji akanionyesha seramu ya asilimia kumi, akasema hiyo ndiyo ya anayeanza, maana ile ya ishirini inawasha.

"Nipe inayowasha," nikamwambia.

Niliporudi nayo nilimkuta mama uani kwenye jua la saa saba, mtandio ameushusha mabegani, uso ameuelekeza juu.

"Mama, hukwenda kazini? Utaungua."

"Acha niungue," akasema, macho kayafumba. "Naitaka shikamoo yangu."