Chai ya Mgeni

Sikudhani alimkaribisha chai afisa aliyekuja kuangalia kama anastahili kupewa msaidizi wa nyumbani. Mgeni ni mgeni. Aliihangaikia chai hiyo tangu alfajiri, kwa vidole vyake vilivyokakamaa, mpaka ikammwagikia na kumuunguza mapaja.

"Chai tamu, dada. Umeipika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na kazini unakwenda?"

"Kila siku. Napokea simu."

"Basi unajiweza. Mshukuru Mungu." Afisa akamaliza kikombe, akaaga.

Nje, gari la kazini lilipiga honi. Sikudhani akaishusha kanga aliyojifunika kifuani, akavitazama vifungo vya blauzi. Vyote vilikuwa wazi. Tangu mdogo wake aolewe, hakuna wa kumfungia.

Honi ikalia tena.