Vyura wa Adolphe

Adolphe aliinamisha jerikani ya njano, vyura wakaangukia mu ndoo, pwaa, moja juu ya ingine. Ndoo za Mutabazi, mutu wa serikali wa kuhesabu vyura, zilikuwa kumi na mbili, zimefukiwa pembeni ya kinamasi cha kambi ya Nakivale, midomo sawa na udongo. Alipitia zote. Halafu akaingia mu mahindi yake, akajifanya anapalilia.

Saa mbili asubuhi Mutabazi akafika na pikipiki toka Mbarara. Akaanza kuhesabu, anaandika mu simu.

"Mwizi wa mashamba!" Adolphe akamupigia kelele. "Ndoo kumi na mbili tu, utajua afya ya kinamasi muzima?"

"Ile ingine kompyuta inakadiria, ssebo. Sikia kwanza. Kama vyura iko kidogo..."

"Kama kidogo, mutasema sisi wakimbizi tumekiua, mutufukuze! Toka!"

Akamutupia bonge la tope. Likamupata mugongoni. Mutabazi akajipangusa, akaenda kwa ndoo ingine. Wiki tatu, hakuna mutu aliyemupatia hata maji ya kunywa.

Shamba lile ndilo lililokuwa linalisha nyumba tangu chakula cha msaada kikatwe. "Wakitutoa hapa," Mariette, mke wake, alishamwambia, "watoto utawapikia mawe."

Kwa hiyo kila alfajiri Adolphe alikuwa anazunguka ng'ambo ya kinamasi, kwa Cassien, Mrundi mwenye viazi, anavua vyura na kipande cha chandarua. Siku moja Cassien akamukuta mu maji mpaka magoti.

"Ndugu yangu, utuachie kidogo basi. Na huku wamefukia ndoo zao."

"Kila mutu na vyura wake, mzee." Adolphe akacheka, akafunga jerikani. "Wewe anza kufunga mizigo."

Mwezi ukaisha. Mutabazi akarudi na polisi wawili na karatasi. Watu wakatoka na majembe. Adolphe akasimama mbele yao, anatabasamu.

"Soma basi, mwizi!"

"Kompyuta imemaliza. Kinamasi ya hapa iko nzima kushinda pahali yote, kwa hiyo tunaifunga, tunailinda. Jumatatu mahindi yote inatoka."

Jembe likamuponyoka Adolphe.

"Na... na kwa Cassien?"

Mutabazi akageuza karatasi.

"Kule imekufa, ssebo. Hakuna kitu ya kulinda. Kule walime tu."