Alama Kwenye Kigae

Kaka mtu alililamba jiwe la kwanza, akatema mate pembeni.

“Chumvi hii,” alisema. “Ungeniletea na nyanya kabisa.”

Baba yao mdogo, aliyeketi mlangoni kama mwamuzi, alicheka mpaka kiti kikalia. Dada mtu hakucheka. Alimchukia kaka yake waziwazi tangu siku kaka huyo alipomfungia mlango wa karakana ya marehemu baba yao na kumwambia kuwa mwanamke hana mkono wa mawe.

Leo, ndani ya karakana hiyo, walikuwa wanamaliza ubishi. Dada alileta mawe matatu, akayapanga mwenyewe mezani. Kaka angeyapima kwa vipimo vyote vya marehemu. Akishindwa kipimo hata kimoja, meza ile ya kazi ya marehemu ingekuwa ya dada. Akivipita vyote, dada asikanyage tena pale.

Jiwe la pili alilikwaruza kwenye kipande cha kioo. Kioo kikalia kwa ukali. Akapitisha ukucha kwenye mkwaruzo, akatikisa kichwa kwa dharau.

“Hili la kuwauzia watalii. Gumu, jepesi, halina kazi.”

Alikuwa amepatia tena. Tangu waingie hakumtazama dada yake usoni hata mara moja, na jambo hilo lilimchoma dada kuliko maneno yenyewe.

Jiwe la tatu lilikuwa zito. Kaka alilipima kwa kiganja, akalinusa, akalisogezea sumaku. Sumaku ikanasa.

“Jiwe la chuma. Hili hata nikiwa usingizini nakutajia.”

“Bado kigae,” dada alisema.

Hapo alikuwa na haki. Marehemu hakuamini rangi ya jiwe kwa nje. Kila jiwe zito alilisugua kwenye kigae cheupe kisicho na mng’aro, kisha akatazama rangi ya unga wake. Chuma cha aina moja huacha alama nyekundu, cha aina nyingine nyeusi, na kabla ya kuiona alama hiyo mzee hakuwa akilitaja jiwe kwa mteja.

Kaka alisonya. Akanyoosha mkono, akakigusa kigae mahali pake pa siku zote, akasugua kwa nguvu.

“Nyeusi. Imetoka vizuri kabisa. Au huoni?”

Baba mdogo akapiga makofi, akamwambia binti achukue mkoba wake aende kwake kwa amani. Dada akamwomba jambo moja tu, asogee aitazame alama ile kwa macho yake.

Baba mdogo alikuja akichekacheka, akainama mezani. Kicheko kikamkatika.

Kigae cheupe kilikuwa ndani ya mkoba wa dada tangu alipoyapanga yale mawe na kuweka kingine mahali pake. Mezani, huku macho yake yameelekea ukutani, kidole cha kaka kilikuwa bado kinaonyesha alama nyeusi juu ya kigae cheusi tii.