Waya wa Milioni Sita

Alikuwako Kakakuona aliyeishi peke yake na kompyuta kuukuu. Akaitangaza mtandaoni, kwenye kundi la wakusanyaji wa mashine za zamani: milioni tano, bei inapungua. Wengi walimwona ana tamaa. Kumbe kwa bei ndogo ingenunuliwa siku hiyohiyo, naye alichotaka ni kupigiwa simu.

Nyani mbishi alipiga kila Jumamosi.

"Laki mbili, mzee wangu."

"Hiyo hainunui hata kioo chake."

Walivutana hivyo mpaka chai ikapoa, na katikati Nyani akamsimulia habari za wanawe.

Siku moja akaja Kunguru mwenye haraka. Hakuomba apunguziwe hata shilingi. Alilipa, akabeba kompyuta, akaenda zake.

Jumamosi simu ikaita.

"Leo tunaanzia ngapi, mzee?"

"Imeshanunuliwa."

"Kwa bei ileile? Haya, hongera." Nyani akakata simu.

Kakakuona alikaa akiitazama meza tupu. Chai ilikuwa bado ya moto. Mwishowe akapiga yeye.

"Nyani, Kunguru amesahau waya wa umeme. Nauuza. Milioni sita."

Upande wa pili akasikia kigoda kikivutwa.

"Punguza, mzee wangu."