Jiwe Chini ya Turubai

"Hilo turubai unafunika nini, Mama Anezina? Mbuzi kafa?"

Sarantis alikuwa ameegemea ukuta wa mawe unaotenga viwanja vyao, kikombe cha kahawa mkononi, na sauti aliipandisha makusudi ili mtaa mzima upate fungu lake. Upande wa pili, mjane Kalliroi alisimama kando ya msingi wa nyumba aliyoanza kujenga, mikono kiunoni.

"Nafunika kiwanja changu," alisema. "Kinaona haya ukikitazama."

"Nimeliona, mama. Kutoka roshani yangu naona mpaka ndani ya chungu chako. Jiwe la marumaru, msichana kachongwa, kakaa kitini. Kaburi la mababu zetu, nawe unataka kulimwagia zege."

Hapo hakusema uongo. Mafundi walikuwa wamelifukua asubuhi ile, na msimamizi wao akamnong'oneza mjane afanye kama wafanyavyo wote kisiwani: zege kwanza, maswali baadaye. Kalliroi alichota maji, akamwosha yule msichana uso, ndipo akamfunika.

"Wagiriki wa kale walichonga hivi wakati dunia yote inalala mapangoni," Sarantis aliendelea. "Siasa, sisi. Michezo, sisi. Hata kufikiri tuliwafundisha sisi."

"Wao. Wewe umechonga nini?"

"Mimi damu yao ninayo."

"Na kile kizingiti chako cha marumaru ya kale, nacho kilikuja na damu?"

Vicheko vilitoka madirishani. Sarantis akamwaga machicha ya kahawa upande wa mjane.

"Nyumba yenyewe ya Anezina, si ndiyo? Ili huyo bwana harusi wenu asiye na jina aje na shati lake mfukoni, alale kwenye zege la mama mkwe. Mwanamume wa namna hiyo ni jogoo wa kuazima. Sijui baba yake alimleaje."

"Kijana ana adabu," Kalliroi alisema. "Aliitoa wapi, hata mimi najiuliza."

"Anaitwa nani?"

"Jina halitajwi kabla paa halijapanda. Kama desturi umeisahau, waulize mababu zako."

Hata mtoto wa kisiwa kile aliijua desturi hiyo. Mama humjengea binti yake nyumba, na mume ndiye anayehamia. Mama asiyeweza, bintiye huenda kukaa kwa wakwe, akapimiwe hata chumvi ya kutia chunguni. Kalliroi alikuwa amewafulia watu mashuka miaka mingi ili hilo lisimfike Anezina. Sarantis alilijua hilo, na ndilo lililomnogea.

Mchana, mezani, alimweleza mwanawe, Fanouris, kwamba anakwenda bandarini kwenye ofisi ya mambo ya kale. Fanouris alikuwa tumaini lake. Alikwisha kumchagulia mke huko Athene, binti wa mwenye duka la dawa, mtu wa ukoo. Tena kijana mwenyewe alijua kuchagua watu: akimkuta Kalliroi njiani huinamisha macho, akavuka upande wa pili, salamu yenyewe ya kumezameza. Baba alilipenda hilo. Damu, alijiambia, haipotei.

"Baba, liache lile jiwe," Fanouris alisema.

"Unamwonea huruma yule mfuaji?"

"Nakuonea huruma wewe."

"Kula samaki wako."

Akaenda. Aliporudi alipitia mkahawani, akaagiza divai, akatangaza kwa sauti kwamba watu wa serikali wanakuja, na kwamba kuna mtu mtaani atajifunza heshima ya ustaarabu. Karata zikasimama hewani. Kinyozi, mtu wa mzaha siku zote, ndiye peke yake aliyefungua mdomo.

"Sarantis, umelifikiri mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, na kurudi."

Hakuna aliyecheka. Sarantis alidhani ni heshima, akaagiza divai nyingine.

Wakaja wale wa ofisi, na brashi zao na kamba zao. Chini ya msichana wa marumaru walikuta kaburi, na ubavuni mwake kaburi jingine, na mengine yakafuata hadi mwisho wa kiwanja. Mkuu wao alimwambia Kalliroi kwa upole kwamba hapo hapatajengwa tena hata banda la kuku. Wakazungusha uzio.

Sarantis alikuwa amevaa shati la pasi kwa ajili ya machozi ya jirani yake. Machozi hayakuja. Kalliroi aliwashukuru wageni, akaingia katika kile chumba chake kimoja, na baada ya muda harufu ya mbuzi wa tanuri ikapanda ukutani. Watu wakaanza kuingia kwake, wamevaa nguo za Jumapili: kinyozi na mkewe, msimamizi wa mafundi, hata padri.

"Kuna nini leo?" Sarantis aliwauliza wapitao. "Matanga ya nyumba?"

Walimwitikia kwa kichwa, wakapita.

Mwishowe Kalliroi alitoka, akifuta mikono kwenye aproni, akaja mpaka ukutani.

"Umeshinda, jirani. Nyumba haijengwi."

"Si mimi. Ni mababu."

"Haya, ni mababu. Basi na paa silingoji tena." Akafungua lango dogo kati ya viwanja, akasimama kando ampishe. "Ingia ule, mkwe. Fanouris na Anezina wako mezani, wanabishana kitanda chao kitapitaje mlangoni kwako."